Kabla ya Kupiga Lipu: Namna ya Kuchagua Njia ya Kupata Televisheni Katika Nyumba Mpya

Watu wengi wanaojenga huikumbuka televisheni siku wanayohamia. Makochi yameshaingia, watoto wanauliza, ndipo fundi wa dishi anapoitwa, naye anafika na drili yake, anatoboa ukuta uliopakwa rangi juzi, kisha anapitisha waya na kuupigilia misumari kuzunguka sebule. Nimeyaona hayo katika nyumba nyingi, na yalinifika nyumbani kwangu. Waya wetu ulishuka kutoka kwenye dishi moja kwa moja hadi kwenye tundu, na tundu lenyewe lilikuwa limetobolewa likiinamia ndani. Masika ya kwanza yalipofika, maji yaliufuata waya ule kama yanavyofuata mfereji, yakatokea nyuma ya kabati, yakachora mstari wa rangi ya chai kwenye ukuta mweupe na kuishia ndani ya king'amuzi. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata hatua za ujenzi. Uamuzi kuhusu televisheni una wakati wake, na wakati huo ni baada ya kupaua na kabla ya kupiga lipu.

Mifano yangu ni ya Dar es Salaam na viunga vyake. Kanuni zenyewe zinafaa Tanga, Mombasa au Mwanza, isipokuwa pembe za dishi, ambazo hubadilika kutoka mji hadi mji.

Hatua ya kwanza: zielewe njia zilizopo

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ya Tanzania ikafuata kwa zamu. Kenya ilikamilisha zoezi hilo mwaka 2015. Tangu hapo antena pekee haitoshi. Lazima kuwe na king'amuzi, ama kilicho nje ya televisheni, ama kilichojengwa ndani yake, na hicho cha ndani utakitambua kwa alama ya DVB-T2 kwenye boksi la televisheni. Kwa mwenye nyumba mpya zimebaki njia tatu kubwa, yaani antena ya kawaida, dishi na intaneti.

Antena hupokea mawimbi kutoka kwenye mnara uliosimama ardhini. Gharama yake ni ndogo, mvua haiisumbui, na inaweza kusimikwa na mtu yeyote mwenye ngazi na mkono mtulivu. Udhaifu wake ni kwamba inautegemea mnara: ukiwa bondeni, nyuma ya kilima au mbali na mji, picha hugandaganda na sauti hukatika. Dishi hupokea kutoka kwenye setilaiti iliyo juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, kwa hiyo kijiji cha mbali hupata picha ileile inayopatikana mjini, alimradi anga upande husika iwe wazi. Mvua kubwa huikata picha ya dishi kwa dakika kadhaa, kwa sababu matone ya maji hunyonya mawimbi ya masafa hayo. Hilo si kosa la fundi, wala kuongeza busta, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, hakuliondoi.

Intaneti ni nzuri pale tu penye faiba au huduma nyingine isiyohesabu kila gigabaiti. Picha safi ya HD inahitaji kasi ya takriban megabiti 5 kwa sekunde, na inaweza kutumia hadi GB 3 kwa saa. Mechi moja pamoja na mapumziko na uchambuzi ni saa mbili, yaani karibu GB 6, na ni bando chache za simu zinazoweza kuhimili wikendi ya namna hiyo. Katika baadhi ya mitaa ya mijini kuna pia kebo, ambapo kampuni huleta waya wake hadi mlangoni. Ikiwa mtaa wako unayo, waulize majirani inakatika mara ngapi kwa mwezi kabla hujasaini lolote.

Kwa nyumba nyingi za viungani, ushauri wangu ni kuweka dishi kwa ajili ya sebule, antena kama akiba ya siku za mvua na siku kifurushi kinapoisha, na njia tupu ya faiba ukutani hata kama faiba yenyewe bado haijafika mtaani. Hatua zinazofuata zitakuonyesha kama nyumba yako ni mojawapo ya hizo.

Hatua ya pili: chunguza kiwanja kabla ya kuchunguza bei

Anza na mapaa ya majirani. Angalia antena zao zinaelekea wapi, kisha angalia kama vijiti vyake vimelala au vimesimama, kwa kuwa mkao huo hufuata namna mnara unavyorusha mawimbi, na antena iliyosimikwa kinyume chake hupoteza nguvu nyingi. Bisha hodi kwa wawili watatu, uwaulize wanatumia king'amuzi gani cha antena na chaneli zipi hukwama. Nyumba ikishapauliwa, azima televisheni ndogo yenye DVB-T2 na antena, panda nayo juu, tafuta chaneli, uandike zilizoonekana bila kadi wala malipo. Jaribio hilo la nusu saa hueleza zaidi kuliko maneno ya muuzaji. Jaribio lifanyike juu ya paa na si ndani, kwa sababu bati hurudisha mawimbi, na antena ya mezani chini ya paa la bati mara nyingi haipati kitu.

Kisha chunguza anga. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wanalifahamu kwa mazoea bila kulieleza. Azam TV hurusha matangazo yake kupitia setilaiti iliyo juu ya ikweta kwenye longitudo ya nyuzi 7 Mashariki. Ukiwa Dar es Salaam, setilaiti hiyo iko upande wa magharibi, ikiwa imesogea kidogo kaskazini, na iko juu kwa takriban nyuzi 52 kutoka usawa wa ardhi. Dishi la DStv, linalotazama nyuzi 36 Mashariki, huelekezwa karibu utosini, kwenye nyuzi 81 hivi, ndiyo maana utaona limelala zaidi kuliko mengine. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye kiwanja kidogo: dishi linalotazama utosini linaweza kukaa hata kwenye uchochoro kati ya nyumba mbili, ilhali lile linalotazama magharibi linahitaji upande huo uwe wazi.

Kipimo chepesi cha upande wa magharibi ni hiki. Kwa kila mita moja ya umbali kutoka kwenye dishi, kizuizi kisipande zaidi ya mita 1.2 juu ya usawa wa dishi. Ukuta wa jirani ulio umbali wa mita 5 haukusumbui mpaka uzidi mita 6 juu ya dishi lako. Ikiwa unajenga kati ya tarehe 20 na 25 ya mwezi Machi au Septemba, una kipimo bora zaidi: katika siku hizo, karibu saa tisa alasiri, jua la Dar es Salaam hupita jirani kabisa na mahali setilaiti hiyo ilipo angani. Simama unapokusudia kuweka dishi. Ukipigwa na jua usoni, njia iko wazi. Ukiwa kivulini, kinachokutia kivuli ndicho kitakachozuia picha. Na kama upande huo kuna mwembe mchanga au msingi wa ghorofa unaochimbwa kwa jirani, fikiria hali itakavyokuwa baada ya miaka mitano.

Kuhusu faiba, tembea barabarani uangalie nguzo, kisha uulize kwa watoa huduma kama mtaa wako umo katika mpango wao. TTCL, shirika la simu la Tanzania, kwa mfano, huleta faiba hadi majumbani katika maeneo iliyokwishafika.

Hatua ya tatu: fanya hesabu ya mwaka mzima

Bei ya king'amuzi na dishi hulipwa mara moja, lakini kifurushi hulipwa kila mwezi, kwa hiyo zidisha kwa 12 kabla ya kulinganisha. Jiulize pia nyumba yako hutazama nini hasa. Mpenzi wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara ajue kwamba haki za kuonyesha ligi hiyo ziko kwa Azam Media, kwa mkataba wa miaka 10 uliosainiwa mwaka 2021, na mpenzi wa ligi ya Uingereza ataitafuta DStv. Anayetaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku na tamthilia pekee anaweza kutosheka na antena.

Usiifunge nyumba kwenye kampuni moja. Mwaka 2018 chaneli kadhaa za kitaifa ziliondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia vya dishi kwa agizo la mamlaka, na waliokuwa na dishi pekee walilazimika kutafuta antena katikati ya mwaka. Haki za mpira huhama, kampuni hubadilisha vifurushi, na teknolojia hubadilika. Kinachobaki ni kile ulichokifukia ukutani, na hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Hatua ya nne: laza paipu tupu

Mwite fundi umeme wako kabla ya lipu, ukae naye mahali sebule itakapokuwa, mkubaliane ukuta wa televisheni. Chagua ukuta ambao hautazamani na dirisha kubwa, kwa sababu mwanga wa alasiri huua picha hata ya televisheni ya bei kubwa. Kaa kwenye kiti, pima kimo cha macho yako kutoka sakafuni, ambacho kwa watu wengi ni kati ya mita 1 na 1.2, na hapo ndipo katikati ya televisheni panapopaswa kuwa. Mtindo wa kuitundika karibu na dari umeenea, lakini huumiza shingo za wazee na watoto.

Mahali hapo, nyuma ya televisheni, weka boksi mbili. Moja ni ya soketi za umeme, zisizopungua tatu, na ya pili ni ya mawasiliano peke yake. Kutoka boksi ya mawasiliano pandisha paipu mbili za milimita 25 hadi juu ya dari, moja kwa ajili ya waya za dishi na nyingine kwa ajili ya antena na waya wa mtandao. Shusha pia paipu moja ya inchi 2 kutoka nyuma ya televisheni hadi nyuma ya kabati la chini, ambako ving'amuzi vitakaa. Ukubwa huo una sababu: kichwa cha waya wa HDMI, unaounganisha king'amuzi na televisheni, ni kipana na hakikunjiki, na katika paipu nyembamba yenye kona kitakwama. Fundi akikuambia kwamba paipu ya milimita 20 inatosha kwa yote, mpe kichwa cha HDMI akipitishe mwenyewe mbele yako.

Kona zote ziwe za kupinda taratibu, kwa springi ya kupindia, na si zile kona kali za kuunganisha. Waya wa antena uliokunjwa kwa nguvu huharibika ndani bila kuonekana nje, na faiba haivumilii kabisa. Ndani ya kila paipu acha kamba imara ya nailoni iliyofungwa pande zote mbili, ili atakayekuja miaka kumi baadaye aweze kuvuta waya mpya bila kubomoa. Paipu hizi ziwe mbali kidogo na zile za umeme, na waya za aina hizo mbili zisichanganywe kamwe ndani ya paipu moja, kwanza kwa usalama wa watu, pili kwa sababu umeme huingilia mawimbi.

Rudia jambo hilohilo, kwa udogo wake, katika chumba kikuu cha kulala na chumba kingine chochote ambacho huenda siku moja kikawa na televisheni. Paipu moja kwa kila chumba inatosha. Kisha fukia paipu moja kutoka ukuta wa uzio ulio karibu na nguzo ya barabarani hadi ndani ya nyumba, mahali ruta itakapokaa. Hiyo ndiyo njia ya faiba. Kwa anayejenga ghorofa, paipu zinazopita kwenye slabu lazima zilazwe pamoja na nondo kabla ya kumwaga zege, na hapo hakuna nafasi ya pili.

Kabla lipu haijapigwa, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futi ya kupimia kando ya paipu, ili vipimo vionekane. Picha hizo zihifadhi pamoja na hati za nyumba. Siku utakapotaka kutundika kabati, zitakuokoa usitoboe mahali paipu ilipopita.

Hatua ya tano: nunua waya mwenyewe

Waya ndio sehemu inayodanganywa zaidi, kwa sababu yote hufanana kwa nje. Omba waya wenye alama ya RG6, kisha uangalie uzi wa katikati. Katika waya nzuri uzi huo ni shaba tupu. Katika nyingi za bei rahisi ni chuma kilichopakwa shaba. Nenda dukani na sumaku ndogo: ikinasa kwenye uzi wa katikati, hicho ni chuma. Kwa antena na kwa umbali mfupi chuma kinaweza kutosha, lakini kwa dishi la mbali shaba ni bora, kwa kuwa king'amuzi hupeleka umeme kupitia uzi huohuo ili kuendesha LNB, yaani kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi, na chuma huupunguza umeme huo njiani.

Urefu nao una gharama. Katika masafa ya juu yanayotumiwa na dishi, RG6 hupoteza takriban desibeli 30 kwa mita 100, ambayo ni sawa na kupoteza nusu ya nguvu kwa kila mita 10. Mita 20 au 30 hazina shida. Zikizidi hapo sana, sogeza dishi karibu na nyumba badala ya kurefusha waya.

Wanaotaka televisheni mbili zenye ving'amuzi viwili wasome hapa kwa makini, kwa sababu ndipo mafundi wengi wanapokosea. King'amuzi huchagua upande wa mawimbi kwa kupeleka volti 13 au volti 18 kwenye LNB. Ukiunganisha ving'amuzi viwili kwenye waya mmoja kwa splita ya kawaida, yaani kifaa cha kugawa waya mmoja kuwa matawi, kimoja kitaomba volti 13 huku kingine kikiomba 18, na chaneli zitapotea chumbani kila sebuleni wanapobadilisha. Dawa yake ni LNB yenye matundu mawili au manne, na kila king'amuzi kiwe na waya wake kutoka juu hadi chini. Splita ya kawaida inafaa kwa antena, na hata huko hupunguza nguvu zaidi ya nusu kwa kila tawi.

Hatua ya sita: simika na ulenge

Dishi lisikae juu ya bati. Kila skrubu inayotoboa bati ni uvujaji unaosubiri mvua, na upepo unaolitikisa dishi huzidi kulipanua tundu. Lifunge kwenye ukuta imara, au kwenye nguzo ya bomba iliyosimikwa kwa zege, mahali ambapo mtu anaweza kulifikia kwa ngazi ya kawaida. Nguzo hiyo ipimwe kwa pima maji pande mbili kabla zege halijakauka. Ikiinama hata kidogo, alama za nyuzi zilizochorwa nyuma ya dishi hazitasema kweli, na fundi atahangaika mchana kutwa. Kwa walio karibu na bahari, chuma kiwe kimepakwa zinki na boliti zipakwe grisi, maana chumvi ya hewani hula haraka.

Wakati wa kulenga, king'amuzi huonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu inaweza kuonekana hata dishi likitazama pasipo na kitu, kwa hiyo usiridhike nayo, fuata ubora. Ubora ukishapatikana, mwambie fundi azungushe LNB taratibu ndani ya kishikio chake mpaka mstari ufike juu kabisa. Huku kwetu karibu na ikweta, setilaiti iliyo mbali upande wa magharibi hutaka LNB izungushwe sana, na aliyezoea kuiacha wima hupoteza chaneli kadhaa bila kujua sababu.

Konekta zote za nje zifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji. Waya, kabla ya kuingia ukutani, ushuke chini ya tundu kisha upande tena, ili maji yadondoke kwenye ule mpindo, na tundu lenyewe litobolewe likiinamia nje. Mambo haya mawili hayagharimu hata shilingi, na ndiyo yaliyokosekana nyumbani kwangu.

Hatua ya saba: radi na umeme

Nguzo ya dishi na ya antena ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba na mfumo wa eathi wa nyumba, na kazi hiyo aifanye fundi umeme mwenye leseni. Hata hivyo eathi haizuii kila kitu, na stebilaiza haizuii radi kabisa. Radi inapokaribia, chomoa plagi ya umeme pamoja na waya wa dishi na wa antena, kwa sababu wengi huchomoa umeme na kusahau kwamba radi huweza pia kushukia kwenye waya wa dishi. Ndiyo faida nyingine ya kuweka ving'amuzi kwenye kabati la chini, ambapo hata mtoto mkubwa anafikia.

Siku ya kumlipa fundi, kaa naye mbele ya televisheni kabla hajafunga vifaa vyake. Fungua angalau chaneli kumi zilizotawanyika kutoka mwanzo hadi mwisho wa orodha, katika kila chumba chenye king'amuzi, vyote vikiwa vimewashwa kwa pamoja. Bandika kikaratasi kwenye ncha ya kila waya, kinachosema unatoka wapi na unakwenda wapi. Vuta kidogo kila kamba iliyo kwenye paipu tupu uhakikishe inasogea. Kisha mwagia ndoo ya maji ukutani, juu ya tundu la waya, na uingie ndani ukapapase ukuta kwa kiganja. Ukiwa mkavu, mlipe fedha yake yote.